Chapati za Walubengo

Christabel, wacha kila kitu usome hii. Nimetoka kanisani na wivu mpaka kichwa inauma.

Si unajua leo ilikuwa siku ya kina mama, wanaume ndio wanapika? Nikadhani bwanangu Walubengo atapewa kazi ya kubeba viti. Huyu huyu ameniapia miaka yote ya ndoa ati hajui hata kuwasha gesi.

Naenda nyuma ya kanisa namkuta amekunja mikono ya shati, anasukuma chapati! Duara kabisa! Na anageuza kwa vidole. Christabel, KWA VIDOLE!

Wanawake wamemzunguka. Joy wa kwaya anakula akifunga macho, ati, "Musimbi, wewe una bahati, kwani kwako mnakula hivi kila siku?" Nikacheka na meno tu.

Walubengo naye anamwambia, "Ongeza moja, Mama, nyinyi mnafanya kazi ngumu sana." Mimi hajawahi kuniambia hivyo. Hajawahi!

Kufika mbele ya laini, chapati zimeisha. Akaniangalia akasema, "Wewe si mgeni, utakula nyumbani."

Sasa tuko nyumbani. Nimemuuliza alijifunzia wapi. Ati akiwa bachela pale mtaa wa West Indies alikuwa anapikia wenzake wote, "lakini sasa si niko na bibi?"

Amelala kwa kochi. Anasema amechoka, leo amepikia wamama wa kutosha.

Nakuandikia na mkono moja. Hii ingine iko kwa unga.