Mkalimani wa Wageni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa viungo, na naomba barua hii ikukute nawe unapumua vizuri, maana jirani yako aliniambia kifua kimekurudia na bado hutaki kuiacha cherehani. Dada, vumbi la vitambaa si dawa. Pumzika. Najua hapa utacheka na kusoma mbele, kwa kuwa tangu uliponiogesha kwenye karai hujawahi kupokea amri kutoka kwangu.

Huku chuoni tupo, kama watu wanavyosema wakiwa hawana la kusema. Tangu mkuu wa chuo alipostaafu nimeachiwa funguo zote, basi asubuhi nafundisha Kigiriki, mchana Katekisimu na namna ya kuhubiri, na katikati ya hapo ndimi mpiga kengele. Wanafunzi waliobaki wanatosha kwenye madawati ya mbele. Paa la maktaba linavuja upande wa vitabu vya Kijerumani, na mpishi wetu alipolalamika nilimwambia aache tu, kwani siku hizi msomaji wa vitabu hivyo ni mimi na mvua.

Unajua chuo hiki kimesimama kwa mikono ya ndugu zetu wa mbali. Makanisa ya Kilutheri ya nchi mbalimbali ndiyo yanayotusaidia ili vijana wa sharika maskini wafundishwe uchungaji, na wale wanaong'aa wapelekwe nje kusoma zaidi, warudi kufundisha wenzao. Unajua pia kwamba serikali inatudai angalau mwalimu mmoja mwenye udaktari, la sivyo kibali kinaondolewa. Kwa hiyo miaka yote hii tumekuwa watu wa kungoja. Ile nyumba ya mwalimu karibu na kisima tuliipaka rangi, tukaweka kitanda, na mpishi kila Jumamosi alikuwa anafungua madirisha hewa iingie.

Wiki iliyopita wageni walifika. Alikuja mchungaji mmoja mama, mwenye nywele nyeupe, ndiye msimamizi wa mfuko wa elimu ya wachungaji, pamoja na mkalimani. Walikaribishwa kwa wimbo, wakakagua madarasa, kisha tukaketi wote ukumbini. Yule mama alizungumza polepole huku akitazama mikono yake. Mkalimani akatuambia kwa Kiswahili safi, kisichokwama popote, kwamba wanatushukuru kwa utumishi wetu, kwamba michango ya makanisa ya kwao imepungua sana kwa sababu hata kwao viti vimebaki vitupu, kisha akasema, "Tumeamua kuelekeza nguvu kwenye chuo kikubwa cha mjini. Hapa tutafunga mwisho wa muhula."

Nililishika neno lile, tumeamua. Nikajiambia ni tafsiri tu, mkalimani husema sisi kwa niaba ya mwenye maneno. Lakini mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, aliyekuwa fundi viatu kabla hajaja kwetu, alisimama akauliza, "Na sisi tulioishia katikati, nani atatumalizia?" Mkalimani hakumgeukia yule mama kumtafsiria. Alijibu mwenyewe, hapo hapo, kwamba wenye vyeti vya sekondari watapokelewa mjini, na wengine watapata masomo mafupi kwa simu, wawe wainjilisti. Fundi viatu hakufika sekondari. Aliketi taratibu, akaanza kupangusa dawati kwa kiganja, na wala halikuwa na vumbi.

Dada, nimezunguka vya kutosha. Kama umesimama, keti. Mkalimani yule ni mwanao.

Aliposhuka garini sikumtambua mara moja, amenenepa na mvi zimeanza kumchungulia. Akaja moja kwa moja, "Shikamoo, mjomba," akanikumbatia mpaka miwani ikanidondoka. Mpishi alipiga vigelegele akidhani yule tuliyempeleka nje kusoma amerudi kukaa. Wanafunzi wakakimbilia begi lake walipeleke kwenye nyumba ya kisimani. Akawaambia waliache tu garini. Hapo ndipo nilipoanza kushuku, kabla hata hatujaingia ukumbini.

Baada ya mkutano nilimvuta nyuma ya maktaba. Nikamuuliza tangu lini amekuwa mdomo wa watu. Akasema hakuwa mdomo tu. Baada ya kupata udaktari wake, mfuko ulimwajiri kuangalia vyuo vidogo vyote na kupendekeza vipi vifungwe. Hiki alikipendekeza yeye.

Nikamwambia, "Hukutuona, mwanangu?"

Akasema, "Niliwaona vizuri kuliko wote, mjomba. Mchungaji mmoja anazunguka sharika kumi na mbili, watu wanazikwa bila wa kuwaombea, na ninyi mnatoa wachungaji wanne kwa mwaka. Chuo cha mjini kinatoa wengi zaidi, na fedha haitoshi kwa vyote viwili."

Alisema kweli, Dada. Hilo ndilo linaloniumiza. Nilitafuta jibu kichwani kama mtu anavyopapasa mfuko uliotoboka. Mwisho nikamuuliza jambo moja tu: wewe uliyekuja hapa bila cheti, na kaptura iliyoshonwa na mama yako kutoka kwenye pazia, chuo cha mjini kingekupokea? Akasema, "Kisingenipokea."

Nilimsihi aje kwako. Kutoka hapa ni safari ya nusu siku, gari lilikuwepo, na yule mama mgeni alikuwa radhi kabisa kumsubiri. Akakataa. Ukitaka maneno yake, ni haya: "Mama atanishika mkono anipeleke kanisani nikatoe shukrani. Nitasimama mbele za watu niseme nini? Mjomba, mimi siombi tena. Ni miaka sasa. Hakuna kitu kilichotokea, imani iliisha tu, kama sabuni." Nilimwambia hilo si neno la kumficha mama. Akasema kwa mama ndiko hasa kwa kulificha. Najua umeshakata kitambaa cha joho lake, na usharika mzima umeshaambiwa siku ya kumpokea. Sikuweza kukuacha uendelee kushona.

Waliondoka bila kugusa chakula. Tangu siku ile wanafunzi wamekuwa wakiaga mmoja mmoja. Fundi viatu hakuaga. Nilipoingia darasani juzi nilikuta amefuta ubao na kuondoka. Mimi nitakaa mpaka askofu atume mtu wa kupokea funguo. Baada ya hapo sijui. Nimejaribu kusali juu ya jambo hili na maneno yanatoka, lakini yananirudia yale yale ya mwanao, nami siwezi kusema alikosea hesabu.

Nina ombi moja. Ameniahidi kwamba atakupigia simu, na naamini atapiga, hajawa mwongo. Akipiga, mpokee. Usimhubirie. Muulize anakula nini, analala wapi, kama kuna anayemfulia. Mimi amenipigia mara mbili, na mara zote mbili nimekaa na simu mkononi, nikaitazama ikiita mpaka ikanyamaza.

Nisalimie majirani, wanakwaya wenzako, na watoto wote wa Shule ya Jumapili. Mpishi anakusalimu kwa machozi. Jifunike vizuri alfajiri, na kifua kikizidi, nenda hospitali, usingoje mtu akulazimishe.

Ni mimi mdogo wako uliyemlea,

Mwalimu