Chupa Uliyoifunga kwa Nta ya Mshumaa

Papa wangu mpendwa,

Chupa yako iko mbele yangu mezani, ile ndogo ya dawa ya kikohozi, na zile chembe nyeupe ndani yake. Nimeishi nayo miezi minane bila kuifungua. Nilipokuja Uvira kukuzika, Mama alinipa koleo lako, miwani yako yenye mguu mmoja, na chupa hii. Akasema, "Hii kitu ya hospitali minye siijui. Chukua weye mwenye masomo." Sikumwambia kwamba naijua. Niliivingirisha ndani ya soksi, na pale Kavimvira, mpakani, afisa wa forodha aliitikisa akauliza kama ni chumvi. Nikasema ndiyo. Ulikuwa uongo wangu wa pili juu ya chembe hizi. Wa kwanza ulikuwa kunyamaza kwangu, na uliujua wewe peke yako.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Wewe ulikuwa fundi wa mashine hospitalini, na wodi ya wazazi ilikuwa na mashine moja tu ya oksijeni. Siku uliyonionyesha tumbo lake ulinipiga kikofi kidogo begani ili nitazame vizuri. Ulisema inavuta hewa hii hii ya chumbani, inaisukuma kwenye mitungi miwili iliyojaa chembe nyeupe, na kila chembe ina vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona.

"Iko kama kichujio?" nikauliza.

"Hapana. Iko kama mulinzi wa mulango. Nitrojeni anamushika, anamwambia bakia hapa. Oksijeni anamwacha apite kwa mutoto."

Chuoni nilipoombwa kueleza kwa nini nimechagua kemia, niliandika maneno mengi mazuri. Ukweli ni huyo mlinzi wako wa mlango.

Kisha ikaja ile wiki. Mama mmoja wa Nyakabere alijifungua mtoto wa kike kabla ya miezi kutimia, akawekwa kwenye mashine, na mashine ikaanza kuchoka. Ilinguruma kama kawaida, lakini oksijeni iliyotoka ilipungua kila saa. Mtoto akahamishiwa kwenye silinda moja iliyobaki, nyingine ikaagizwa Bujumbura, na wewe ukaileta mitungi ya chembe nyumbani ili utafute dawa yake upesi. Ulifungua wa kwanza chini ya paa la jikoni, ukachota chembe chache, ukazisugua kati ya vidole.

"Imekunywa maji," ukasema. "Hewa ya ziwa hii inaingia popote."

Ukazirudisha mtungini, ukazichota tena. Nilikuwa sijawahi kukuona ukikosa la kufanya, na sikuweza kuvumilia. Nikasema, "Papa, si tuzianike? Kama ndagala."

Ulinitazama kama mtu aliyepewa kiti baada ya kusimama siku nzima.

Kabla ya kuanika ulijaza chupa hii, ukayeyusha mshumaa juu ya kifuniko, ukabandika karatasi ubavuni. Ilikuwa desturi yako kwa kila mashine: kuweka kidogo cha jinsi ulivyoikuta. "Nikikosea, itanikumbusha," ulikuwa ukisema. Halafu tukatandika vyandarua safi vya Mama kule ufukweni anakoanikia samaki wake, tukazimwaga chembe, tukazisambaza kwa kiganja. Tulizigeuza kila saa, kama ndagala zinavyogeuzwa, na nilikaa na kijiti nikifukuza kuku. Mama alipita na beseni lake akacheka mpaka akalishusha.

"Ndagala gani hizi hazina macho? Nikizipeleka sokoni watanipiga."

"Peleka," ukamjibu. "Sema ni za wazungu, hazina miiba."

Jioni, kabla umande haujashuka, zilikuwa zikilia kama mchele mkavu. Ulizimwaga kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, ukaniambia nitakuwa injinia. Nadhani sijawahi kuwa na furaha kama ile, Papa, na hilo ndilo jambo ninaloona aibu kulikumbuka.

Mashine iliunganishwa, ikanguruma vizuri kuliko zamani, ikatoa hewa tupu, ile ile ya chumbani. Silinda iliisha asubuhi. Gari la Bujumbura lilifika mchana.

Nilikuwa mlangoni, nimekubebea mfuko wa vyombo, daktari mkuu alipokuuliza, "Nani alikuambia uanike vitu hivi juani?"

"Hakuna mutu. Ni akili yangu minye."

Nilifungua kinywa. Ulinitazama, nikakifunga. Njiani nikakuambia, "Papa, ni minye nilisema." Hukusimama hata kidogo. "Weye ulisema. Minye nilifungua. Sasa nyamaza, ubebe koleo."

Ulikwenda Nyakabere kwenye mazishi ya mtoto, peke yako. Ulirudi na matope mpaka magotini, ukaketi kizingitini, na Mama alipokuuliza walikupokeaje, ulisema tu, "Yule mama amenipa maji ya kunywa." Hukuizungumzia tena habari hiyo. Lakini kuanzia hapo ulikuwa unazunguka nyuma ya jengo la upasuaji ili usipite mbele ya wodi ya wazazi, na nilikuwa nazunguka nawe.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana uliiuliza kwenye simu nami nikajibu kwa kifupi, kwa woga. Ninatengeneza fuwele, Papa, ndugu wa mbali wa zile chembe zako. Ni mafundo ya chuma yaliyoshikanishwa kwa nyuzi za kaboni, na katikati ni matundu matupu, yaliyopangwa sawasawa kama masanduku ya nyuki. Ndani yake tunahifadhi gesi ambayo ikitolewa kwa kipimo kidogo sana inalegeza mishipa ya mapafu ya mtoto mchanga iliyojikaza. Ikizidi ni sumu, kwa hiyo lazima itoke polepole. Na unajua kinachoitoa? Unyevu. Fuwele inakaa kavu kabisa ndani ya kioo kilichofungwa. Siku inapohitajika unyevu unaruhusiwa kuingia, maji yanachukua nafasi kwenye matundu, gesi inaondoka. Kwa sasa tunajaribu kwenye vyombo tu, hakuna mtoto aliyeivuta. Mara ya kwanza kuona maji yakifanya kazi hiyo nilitoka nje ya maabara nikasimama kwenye ngazi.

Hapo ndipo nilipojifunza tulichokifanya. Jua la Uvira halitoshi. Chembe zako zinataka tanuri lenye joto mara kadhaa ya lile la maji yanayochemka, tena bila hewa ya nje. Zikiachwa wazi zinakunywa unyevu hata zikiwa kavu mkononi. Siku nzima tulipokuwa tukizigeuza, tulikuwa tunazinywesha ziwa.

Lakini lilibaki swali moja, nalo limeninyima raha kwa miaka. Je, zilikuwa zimeshakufa kabla hatujazigusa? Kama zilikuwa zimeshiba maji, basi hatukuua chochote. Tulianika maiti. Na jibu lilikuwa kwenye chupa hii, kwa sababu chembe iliyo kavu ikidondoshewa maji inatoa joto, na iliyoshiba inabaki baridi. Hakihitajiki chombo chochote, ni kiganja tu. Ila chupa ikishafunguliwa, haifungiki tena.

Leo asubuhi nimeifungua. Niliikagua nta yako kwa lenzi, haikuwa na ufa. Kwanza nikajaribu chembe mpya za hapa maabara, zikaniunguza nikazitupa. Kisha nikamimina zako kiganjani, nikadondosha tone moja, nikafumba macho. Nilitaka ziwe baridi, Papa. Niliomba ziwe baridi.

Zilipata joto. Si kali. Joto la kikombe ambacho chai yake imekwisha kunywewa.

Zilikuwa zimechoka, hazikuwa zimekufa. Mashine ile ingeendelea kutoa kidogo, na kidogo kile tulikiondoa sisi. Kama kingetosha kumfikisha yule mtoto mpaka mchana, hilo hakuna kiganja kitakachonijibu.

Nilikaa nazo mkononi mpaka zikapoa. Nilidhani nitalia kwa ajili ya mtoto, au kwa ajili yangu, lakini niliyemlilia ni wewe, uliyekaa na chupa hii kwenye sanduku la vyombo maisha yako yote yaliyobaki na hukuifungua. Nadhani hukuhitaji kujua kiasi gani. Ulikwenda Nyakabere bila kujua, ukanywa maji uliyopewa.

Jumapili nitampigia Mama nimweleze ni nani aliyesema. Nimeshamwandikia fundi aliyeshika nafasi yako, maneno machache anayoweza kuyabandika juu ya mashine: mtungi ukidhoofika usiufungue, omba mwingine. Na nikija, nitashuka Nyakabere. Sijui kama yule mama atanipa maji. Nitakwenda hata hivyo.

Pumzika, Papa, na vidole vyako vilivyonuka grisi na samaki. Chembe nimezirudisha chupani. Karatasi yako bado imeshika, na mwandiko wako ulioinama unasomeka: *Mbele ya kuanika. Nilifungua minye.* Chini yake palikuwa na nafasi ya mstari mmoja. Nimechukua kalamu nikaandika: *Na minye.*

Binti yako,
aliyesema tuzianike.