Kondoo Kumi na Mmoja Wasio na Sikio

Nant-y-Frân,
Karibu na Dolgellau,
Wales.
17 Septemba 2018

Mpendwa Dada Morfudd,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Mnaendeleaje huko Trevelin, ng'ambo ya bahari? Kifua cha mama kimepungua kubana? Sisi tuzima, ila usingizi ndio sina. Gwenno anaota meno, ananinyonya kama ndama. Nakuandikia akiwa amelala mapajani, kwa hiyo mwandiko utanisamehe.

Najua kiongozi wa ile ziara ya wakulima alikupigia simu akasema mumeo, shemeji Eurwyn, alipigwa pembe na kondoo dume. Dada, si kweli. Kaa chini kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Jicho halijatoka. Hilo ulijue kabla ya mengine. Taya limevunjika mahali pawili, limefungwa kwa waya, na daktari anasema tusubiri wiki mbili tujue kama jicho la kushoto litaona. Mimi ndiye ninayemnywesha supu kwa mrija.

Ziara yao ilikwenda vizuri mpaka Alhamisi. Walipelekwa kiwanda cha jibini, wakaona na machinjio mapya, Eurwyn akaniambia kule mnyama hapati hata nafasi ya kuogopa. Ijumaa wakaja kwetu, wakulima kumi na wanane, kwa sababu tulikuwa tunateremsha kondoo. Hilo unalijua: mlima ni wa wote, majirani tunapanda pamoja na mbwa wetu, kisha zizini kila mtu anachukua wake kwa alama ya sikio. Sisi tunatoboa la kushoto. Jirani yetu Tegwyn anakata ncha ya kulia.

Mumeo si mtu wa kusimama na daftari wengine wakifanya kazi. Aliingia zizini, akamkamata jike mmoja aliyetengwa upande wetu. Sikio la kulia hana, limekatwa hadi shinani, likaondoka na hereni yake ya namba.

"We Idwal, huyu nani kamla sikio?" akamuuliza mume wangu, utani tu.

"Mbweha."

"Mbweha wenu wanatembea na visu? Maana na yule pale hana. Na yule!"

Watu wakacheka. Tegwyn hakucheka. Sikio halikatwi lote, hata huko kwenu nadhani ni hivyo, kwa sababu anayelikata lote anafuta alama ya mwenzake. Tegwyn aliruka uzio, akaanza kuwageuza vichwa mmoja mmoja. Walikuwa kumi na mmoja.

"Miaka mitatu kondoo wangu wanapotea, nalaumu mbwa wa watalii," akasema. "Kumbe mbwa mwenyewe nakunywa naye chai!"

Dada, Idwal hakumpiga Tegwyn. Alimpiga mgeni. Aliishika fimbo yake ya kuchungia kwa mikono miwili, akamshushia Eurwyn usoni ile ncha yake iliyochongwa kwa pembe ya kondoo, nikasikia mfupa. Eurwyn akapiga magoti kwenye mavi ya kondoo, akatema meno mawili na damu. Idwal akaiinua tena. Hapo Tegwyn akamrukia, wakaanguka chini ya kwato, wanakabana koo, wanaumana, mbwa nao wakararuana. Kidole cha Tegwyn kilivunjwa kama kijiti. Wageni wamesimama tu na simu zao.

Gwenno nilimpa mama mmoja wa ziara amshike, nikachukua ndoo ya chuma, nikampiga mume wangu kichwani. Mara mbili. Pigo la kwanza lilitosha kumtoa juu ya Tegwyn. La pili lilikuwa langu.

Hospitalini wanaume wakakubaliana waseme ni kondoo dume. Hata Eurwyn, kwa kuwa hawezi kusema, aliandika kwenye karatasi: "Usimwambie Morfudd. Ni ndugu." Nikamuuliza, shemeji, undugu gani huu wa kumeza damu?

Idwal akanibembeleza. "Heledd, ukiandika umenimaliza. Kesi ikifika mahakamani, nani atapanda mlima nasi tena?"

"Masikio uliyakata ukiwa macho," nikamwambia.

Ni kweli lakini. Bila majirani hatuwezi kuteremsha kondoo mia nne, na shamba litatufia mikononi. Naandika nikilijua hilo.

Wale kumi na mmoja niliwarudisha mwenyewe jana, Gwenno mgongoni. Tegwyn alifungua lango, hakunikaribisha ndani. Idwal nimempeleka kwa mama yake. Alitaka nikuandikie kwamba anaomba msamaha. Nimekataa. Ana mikono, aandike.

Wasalimie mjomba Aneurin, Delyth na wanawe, na mama umbusu kwa ajili yangu. Mungu akurudishie mumeo na macho yake mawili.

Polisi walipouliza, Eurwyn aliandika tena kondoo dume. Wewe ukitaka kumshtaki Idwal, usitafute shahidi mbali. Nitasimama mimi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda bila kukuficha,

Heledd