Saa Nilizofungua Tena

Machakos

Dada Ndila,

Natumai baridi ya Perth imepungua. Mama amevuna ndengu huko Mwala na amekuwekea zako.

Bado nafundisha Kiswahili mtandaoni. Ile kalenda ambayo wanafunzi huchagulia saa za somo nilikuwa nimeifunga, nipumzike na mtoto. Juzi nimeifungua, asubuhi hadi jioni, na nafasi zote zikachukuliwa. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona umerudi mapema?"

"Nimerudi tu," nikamjibu, tukaendelea na somo.

Sikuweza kumwambia kwamba mtoto hakuishi. Wewe nakuambia.

Jumapili alasiri nimeifunga tena, mwanafunzi yeyote asiichukue. Nipigie wakati huo, dada, hata kama hutakuwa na la kusema.

Mdogo wako,
Mumbua