Masaa Kumi na Saba Hewani

Jumanne, Kangeta

Masaa kumi na saba. Nimeangalia tena kwa simu na ni yale yale. Kutoka Doha mpaka Auckland ni zaidi ya kilomita elfu kumi na nne, na binti yangu Makena, ambaye akisomea unesi Embu alikuwa anakuja nyumbani kila Ijumaa, yuko huko juu sasa hivi. Nani alinituma kuangalia?

Mimi kazi yangu ni kupakia miraa. Safari yoyote naipima hivyo: ikichumwa leo, itafika ikiwa mbichi? Kwa hivyo Jumapili Makena alipoondoka nilifunga bunda moja la miraa kwa majani ya ndizi, nikaliweka juu ya kabati. Nikajiambia atafika kabla halijanyauka.

Asubuhi hii mama yake ameliona.

"Baba Makena, mtoto si miraa."

"Najua."

"Basi litupe."

Sikulitupa. Alipoenda kukamua ng'ombe, nililifungua. Vijiti vimeshalegea, na yeye hata hajatua.

Nimelinyunyizia maji, nikalifunga tena kwa majani mapya.