Vitamini za Mama Byron

Kiplombe, 4 Machi

Mama,
Habari ya Moi's Bridge? Mgongo umepoa? Huku mtoto anapiga mateke, ni mimi nimechoka na hii siri yako.

Ulisema dawa zangu nizitie kwa mkebe wa vitamini ndio mama mkwe wangu, Mama Byron, asijue. Haya. Leo nimemkuta Mama Byron anameza mbili na chai! Ati tangu aanze, goti halimsumbui na chakula kinashuka vizuri. Zimebaki chache. Wacha niwaambie ukweli.

Bintiyo,
Nelima

Moi's Bridge, 5 Machi

Nelima mwanangu,
Bwana asifiwe. Mgongo ni ule ule.

Usithubutu! Wakisikia mwili wako hautengenezi hiyo homoni ya kuhimili ugonjwa na maumivu tangu uzaliwe, na ni ugonjwa wa kurithi, watasema tulikula ng'ombe zao za mahari na kuwapa bibi mgonjwa. Ficha mkebe ndani ya ndoo ya unga. Na usiruke dawa hata siku moja, unasikia?

Mamako

Eldoret, wodini, 15 Machi

Mama,
Salamu baadaye, niko na dripu mkononi.

Kwa unga, Mama! Kwani kwa hii nyumba nani anapika ugali? Mama Byron aliupata mkebe jioni hiyo hiyo, akamaliza dawa zote. Duka la dawa likaniambia ningoje zije zingine. Nikaanza kutapika, nikaanguka mlangoni mwa jikoni. Daktari akauliza natumia dawa gani, naye mama mkwe akajibu kwa roho safi, "Vitamini tu." Nusura tufe, mimi na mtoto.

Nilipoamka nilisema yote: kurithi, dawa za kila siku, sindano ninayohitaji uchungu ukianza. Mama Byron ametoka na hajarudi. Sasa umefurahi?

Nelima

Moi's Bridge, 16 Machi

Nelima mwanangu,
Pole sana, mama. Nigombeze tu.

Mama Byron alinipigia jana jioni. Nikajua ndio hiyo, ng'ombe zinadaiwa. Kumbe alipotoka hapo alizunguka mjini duka baada ya duka na goti lake bovu, mpaka akapata dawa zako. Alikuwa analia. Miaka yote nimeogopa maswali yake, na ameniuliza moja tu: "Anameza na chakula ama bila?"

Nimemwambia na chakula. Kisha tukagombana. Uchungu ukianza, lazima mtu akuwe hapo kuwakumbusha madaktari hiyo sindano, na anasema ni yeye. Anajidanganya. Nakuja kesho na blanketi yangu.

Mamako