Maua Niliyoyachuma kwenye Mti wa Rukia

Jumatatu, 8 Desemba
Wewe bibi, umepotea. Tangu mfungo hujashika kalamu. Shule hukuiona hata mlango, ukizubaa na hizi herufi zitakukimbia. Najisema mwenyewe: kaa uandike.

Nimepika uji, nimefua, nimeteremka kijitoni nyuma ya fleti kuangalia mti wa Rukia. Rukia ni mjukuu wangu, anasomea mimea chuoni, Parramatta. Mti wenyewe kichaka tu, kinanifika kifuani, miiba mitupu. Anasema jamii yake imejaa hapa Sydney, lakini huu majani yake chini yana manyoya meupe. Huenda ni ule adimu. Ua ndilo litakalosema. Vile vijani vinavyolishika ua vikiwa virefu, ndio wenyewe, sheria inaulinda, hautaguswa. Visipokuwa virefu, wenye kiwanja wanaleta katapila. Wanataka pa kuegesha magari.

Vitumba vya maua vimejaa. Mwalimu wake anakuja Jumamosi kuliangalia ua.

Alhamisi, 11 Desemba
Umefunguka. Mweupe pe pe pe. Unanukia asali. Nimempigia Rukia, kanipigia ukelele sikioni.

Ijumaa, 12 Desemba
Leo binti wa shoga yangu Bi Saumu kaolewa, Liverpool ya huku Sydney. Mchana mamake kanijia mlangoni. Majani ya rehani anayo, maua ya asumini kakosa Sydney nzima.
"Shoga, mwanangu atoke bila kikuba cha maua kifuani? Kama anakwenda kazini?"
Nimeona aibu kama wa kwangu. Nimeshika ungo, nimekwenda kuuchuma mti wa Rukia. Sikubakisha. Mikono imechanika. Si neno, asumini ukiichuma leo kesho imejaa tena.
Bibi harusi kanukia mpaka barabarani.

Jumamosi, 13 Desemba
Mti mtupu.

Mwalimu kauzunguka, kisha kaniangalia mikono. Rukia hakunigombeza. Heri angenigombeza.
"Bibi, huu unatoa maua mara moja tu kwa mwaka."
Basi.
Nimewapa kikuba kilichobaki. Maua yamesinyaa, yametobolewa na sindano, yamesagika pamoja na rehani. Mwalimu kayageuza kwa kibano, katikisa kichwa; vijani havipimiki tena.

Mjinga mimi. Huu si asumini na hapa si Tanga.

Jumatano, 17 Desemba
Rukia hapokei simu. Nimepanda treni, nimemkuta chumbani kwake, macho yamevimba. Nimemwambia vaa viatu, twende kwa wenye kiwanja, utanifasiria.

Kijana mmoja aliyevaa tai katukalisha ofisini.
"Mwambie maua nimechuma mimi. Mti hauna kosa. Aungoje mwaka mmoja uzae maua mengine."
"Bibi, hawatatusikiliza."
"Sikukuuliza. Sema."
Kasema. Na mengine kaongeza ya kwake, marefu, ya kisomi. Kijana hakucheka. Kaandika. Hakuahidi kitu.
Njiani Rukia kanibebea mkoba.

Jumapili, 11 Januari
Wenye kiwanja wamejibu. Katapila litangoja msimu ujao wa maua. Ukiwa ndio wenyewe, watauzungushia uzio. Ukiwa sio, wataung'oa.

Rukia kalala kwangu. Hajanisamehe yote, namjua, ana moyo wa babu yake. Lakini mkate wa kumimina kaula nusu nzima, na kichwa kaniachia nimsuke.

Asubuhi tumeteremka kijitoni. Kasimama upande wake, mimi wangu. Mti umekaa na miiba yake, jina hauna bado.

Nawe bibi, kabla hujarudi kuandika hapa, nenda kwanza ukautazame. Mikono nyuma.